Mviringo Mwekundu

Pete ya bibi ililazwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, uso wa jiwe ukigusa karatasi. Mzee aliyeilaza alivuta taa karibu, akanyamaza kidogo, kisha akaniita nisogee.

"Tazama pembezoni, mwanangu. Katikati kuache kwanza."

Nikainama. Jiwe lile nililijua tangu utotoni. Lilikuwa la samawati iliyokolea, rangi ya bahari ya Pangani alasiri upepo ukitulia. Sasa, chini ya taa ya mzee, ukingo wake ulikuwa umezungukwa na mviringo mwekundu, mwembamba kama uzi ulionyofoka kwenye pindo la kanga. Bibi aliivaa pete hiyo zaidi ya miaka arobaini, na mama akaipokea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona wekundu ule, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuilaza pete kifudifudi akatazama pembezoni.

Nataka kuusifu ufundi uliouona wekundu huo. Sonara tunamsifu, maana kazi yake tunaivaa harusini na kila mtu akaiona. Mkata vito naye husifiwa kwa mng'ao alioutoa kwenye jiwe lililokuwa na vumbi. Lakini yupo fundi wa tatu, anayepokea pambo kuukuu, akaligeuzageuza mchana kutwa, akaandika mstari mmoja tu wa majibu. Vyuoni anaitwa mwanajemolojia. Mitaani kwetu hana hata jina, na kazi yake hutajwa pale tu watu wanapogombania bei.

Nyumbani jiwe lile liliitwa yakuti. Babu alikuwa baharia, na ilisemekana aliinunua pete Mombasa kabla ya Vita Kuu ya Pili ili amvike bibi. Aliyesema hivyo mwanzo nani, haijulikani. Tulirithi neno pamoja na pete. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa habari za watu, msemo huo mara nyingi hupata. Kwa mawe haupati hata kidogo: jiwe haligeuki kuwa yakuti kwa kuitwa yakuti vizazi vitatu.

Ukucha mmoja unaoshikilia jiwe ulipolegea, nikapewa kazi ya kuipeleka pete kwa fundi. Kwenye duka la kwanza muuzaji aliinua pete dirishani, akaishusha. "Kioo hiki," akasema, akanyoosha mkono kuchukua tupa ili anioneshe kwa kukwaruza. Nikaichukua pete yangu haraka. Kwenye duka la pili mwenye duka alitabasamu tangu mwanzo. "Jiwe la kweli hili, tena yakuti," akasema, akataja bei papo hapo. Kila mmoja alichukua chini ya dakika moja kutoa jibu lake. Wote wawili walikosea, na baadaye nilikuja kujua kwamba kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli.

Mwishowe nikafika Arusha, kwa yule mzee wa karatasi nyeupe. Yeye alichukua saa mbili na nusu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti, akaipokea pete kwa viganja viwili kama mtu anayepokea mtoto. Hakulitazama jiwe kwanza. Alitazama dhahabu: chapa iliyo ndani ya pete, namna kucha zilivyosuguliwa na miaka, mahali palipowahi kuunguzwa moto kwa ukarabati. Alitaka kujua kama jiwe na pete vimezeeka pamoja, au kama jiwe ni mgeni aliyeingia baadaye. Kisha akaiosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, maana mafuta ya ngozi na sabuni ya miaka mingi hujificha nyuma ya jiwe na kusema uongo kuhusu rangi yake. Ndipo akachukua lenzi ya kukuza mara kumi.

Aliligeuza jiwe kidogo kidogo, akaliacha, akaliangalia tena. Baadaye akaleta refraktomita, kisanduku kidogo chenye kioo kizito juu yake. Kazi ya chombo hiki ni rahisi kuieleza. Nuru ikiingia kwenye kito hupinda, na kila aina ya kito huipinda kwa kiasi chake. Kiasi hicho huandikwa kwa tarakimu. Almasi ina 2.42, zaidi ya uwezo wa chombo hicho. Spineli ina 1.718. Yakuti ina tarakimu mbili, kati ya 1.762 na 1.770, kwa sababu yakuti huigawa nuru njia mbili, na kila njia hupinda kwa kiasi chake.

Mzee akasoma: 1.77. Moyo wangu ukaruka. Nilikuwa nimeshajisomea kidogo, na nilijua tarakimu hiyo ni ya mlango wa yakuti. Kama ningekuwa mimi fundi, ningeishia hapo, ningeandika yakuti, nipokee ujira wangu.

Yeye hakuishia hapo. Aliligeuza jiwe juu ya chombo, akasoma tena: 1.77. Akaligeuza tena: 1.77. Kivuli hakikusogea. Yakuti ingezungushwa hivyo, kivuli kingegawanyika viwili na kupishana. "Tarakimu ni ya jirani yake," mzee akasema, "lakini mwendo si wake." Kisha akaliinamisha jiwe taratibu chini ya taa hadi mng'ao ukateleza juu ya uso wake. Akanionesha mstari uliokatiza kwenye mteremko wa juu, usiofuata ukingo wowote uliokatwa na fundi. Juu ya mstari huo jiwe lilimetameta kwa ukali. Chini yake liling'aa kwa upole zaidi. Chini ya lenzi, sambamba na mstari ule, palionekana viputo vidogo vya hewa vilivyobanwa vikawa bapa. Ndipo akachukua karatasi nyeupe.

Jiwe la bibi lilikuwa mawili. Juu palikuwa na kipande chembamba cha ganeti nyekundu, jiwe halisi lililotoka ardhini. Chini palikuwa na kioo cha samawati. Katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya waligundua kuwa ganeti hushikamana vizuri na kioo kilichoyeyuka bila kupasuka. Wakaweka ganda la ganeti juu, kwa kuwa ni gumu na halikwaruziki upesi, na kioo chini, kwa kuwa kioo hupokea rangi yoyote unayoitaka. Wakaviunganisha kwa moto, kisha wakakata. Wekundu wa ganeti, kwa wembamba wake, humezwa na rangi ya kioo ukitazama kwa juu. Hujitokeza ukingoni tu, pambo likilazwa kifudifudi juu ya kitu cheupe. Mawe ya namna hiyo yalisambaa kwenye pete na herini za wakati ule, hadi Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza, mwaka 1902, njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga ndani ya ndimi za moto. Yakuti ya kutengenezwa ikawa rahisi, na kazi ya kuunganisha ganeti na kioo ikapungua.

Hapo nikaelewa kosa la maduka yale mawili. Aliyesema kioo alikuwa ameona nusu ya chini. Aliyesema jiwe la kweli alikuwa ameona nusu ya juu. Hata refraktomita, chombo kisichopendelea mtu, ilipima nusu ya juu tu, maana husoma uso unaoigusa. Ukweli ulipatikana kwa sababu mtu mmoja alipata jibu lililoonekana kutosha, na bado akauliza swali la pili, la tatu na la nne. Kwangu mimi, kiini cha ufundi huu ni hicho: jina ni neno la mwisho kutamkwa.

Wazo hili si geni, wala halikuzaliwa na vyombo vya kisasa. Neno yakuti tulilipata kwa Waarabu, na kwenye vitabu vyao vya vito lilibeba mawe ya rangi kadhaa, mekundu na ya samawati, kwa kuyaona kuwa jamaa moja. Sayansi ya leo inakubaliana nao: yakuti nyekundu na ya samawati ni madini yale yale, yaliyotofautiana kwa chembe chache za metali zinazoyapa rangi. Lakini palikuwa na jiwe jingine jekundu, zuri ajabu, lililotoka Badakhshan, milima ya mpakani mwa Afghanistan na Tajikistan ya leo. Liliitwa la'l. Kwa macho, lilikuwa yakuti. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, hakuyaamini macho peke yake. Alitengeneza chombo chenye mdomo wa kumwagia, akakijaza maji, akatumbukiza jiwe, akapima maji yaliyomwagika. Kwa njia hiyo alijua uzito wa jiwe ukilinganishwa na nafasi linayojaza. Yakuti ya samawati akaipa 100 iwe kipimo cha mengine. La'l ya Badakhshan ikashuka karibu na 90. Tukipima leo, yakuti hupata 4.00 na la'l, ambayo sasa tunaiita spineli, hupata 3.60. Gawanya, utaona mkono wa al-Biruni ulivyokuwa na utulivu, miaka elfu moja iliyopita, kwa chombo cha maji na mizani.

Ulaya ilichelewa. Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle ndiye anayetajwa kutenganisha spineli na yakuti kwa hoja za kisayansi, mwaka 1783. Kufikia hapo wafalme walikuwa wameshavaa spineli karne nyingi wakidhani ni yakuti. Mbele ya taji la kifalme la Uingereza linalovaliwa bungeni kuna jiwe kubwa jekundu linaloitwa kwa Kiingereza yakuti ya Black Prince, na hadi leo jina halijabadilika. Ni spineli. Taji lina walinzi wengi, lakini jiwe lenyewe lilikaa miaka mingi bila mtu wa kuliuliza.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, hakina taji. Oktoba 1945, jijini Dublin, mtaalamu wa vito Richard Taaffe alipata kwa sonara mmoja mkusanyiko wa mawe, mengine yakiwa yamebanduliwa kwenye mapambo yaliyochakaa. Mengi yalikuwa vioo na mawe ya kawaida. Aliyapeleka nyumbani, akayaosha, akayapanga kwa rangi, akaanza kuyatazama moja moja kwa hadubini. Moja lilikuwa la zambarau hafifu, lenye uzito wa karati 1.419, chini ya theluthi ya gramu. Rangi ilikuwa ya spineli. Alipolipima uzito majini, likatoa jibu la spineli. Mtu mwenye haraka angeliweka kwenye kundi la spineli na kuendelea na linalofuata.

Lakini Taaffe alipolizungusha chini ya hadubini aliona mikwaruzo ya upande wa pili ikionekana miwili miwili. Spineli haiigawi nuru, kwa hiyo haiwezi kuonesha pacha. Mgawanyiko wenyewe ulikuwa mdogo mno, wa kiasi ambacho jicho lililochoka lingeupita. Aliliweka jiwe kando. Tarehe 1 Novemba alilituma London kwa Basil Anderson, aliyekuwa akiongoza maabara ya kupima lulu na vito, akimweleza kwamba kila dalili inasema spineli isipokuwa hii moja. Anderson na mwenzake Payne walipima wakaona Taaffe hakukosea. Jumba la makumbusho la British Museum likalipima kwa eksirei, kipande kidogo mno kikatolewa kwa uchunguzi wa kikemia, na ikaonekana kuwa jiwe lina berili na magnesi pamoja kwa namna ambayo haikuwahi kuandikwa. Mwaka 1951 dunia ikatangaziwa madini mapya, taafaiti, kwa jina la aliyeyashuku. Jiwe la pili la aina hiyo lilikuwa limeshapatikana London mwaka 1949.

Fikiria jambo hilo. Kwa kawaida madini mapya hugunduliwa mlimani, na mtu mwenye nyundo. Taafaiti ilikuwa ya kwanza kugunduliwa ikiwa kito kilichokwisha kukatwa. Mtu aliichimba, mwingine akaikata, ikauzwa na kununuliwa, na njia nzima hiyo hakuna aliyeijua. Kilichokosekana kwa wote hao si macho. Ni dakika ile ya kusema: ngoja, mbona hili linaonesha mistari miwili?

Kisa hicho kina mkia unaotuhusu. Taafaiti ilikuja kupatikana Sri Lanka, na pia Tunduru, kusini mwa Tanzania, kwenye kokoto zile zile wanakookota yakuti, ganeti na spineli. Kwa mchimbaji mwenye chekeche na tochi, taafaiti na spineli ni ndugu wasiotofautika. Jiwe la bei ya juu laweza kutoka mkononi mwake kwa bei ya jamaa yake, na hakuna sheria ya madini itakayomrudishia alichopoteza. Kitakachomsaidia ni elimu ya kupima.

Na tusisahau tanzanaiti. Mwaka 1967, Mzee Jumanne Ngoma, ambaye serikali ya Tanzania ilimtambua kuwa mgunduzi wake, aliokota mawe ya buluu yenye kumeta eneo la Mirerani. Ilibidi wataalamu wayafanyie uchunguzi kabla haijajulikana kuwa ni zoisaiti, madini yaliyojulikana zamani lakini hayakuwahi kuonekana kwa buluu ile. Hapa ufundi wa kutambua unatupa kanuni nzuri kwa mapambo ya zamani: jiwe na wakati lazima vikubaliane. Ukiletewa bruchi ya miaka ya 1920 yenye tanzanaiti, ujue jiwe limebadilishwa, maana wakati huo hapakuwa na sonara yeyote duniani aliyeijua. Lakini yakuti ya kutengenezwa ndani ya bruchi hiyo hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyokuwemo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Verneuil alikuwa ameshatangaza njia yake. Utaijua chini ya lenzi kwa mistari yake ya ukuaji iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri. Ya ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka. Na tanzanaiti utaitenga na yakuti kwa kuizungusha mwangani: upande mmoja buluu, upande mwingine zambarau.

Nimeandika tarakimu nyingi, na huenda msomaji akadhani ufundi huu ni wa tarakimu. Nilivyouona kwa macho yangu, ni wa adabu. Mzee hakukwaruza jiwe kwa tupa, wala hakuliunguza, wala hakulimwagia tindikali, ingawa njia hizo zingempa jibu upesi. Alitumia nuru, maji na subira, vitu vinavyomwacha anayeulizwa akiwa mzima kama alivyokuja. Hakumdhihaki babu yangu kwa kununua kioo, wala bibi kwa kukiamini. Nilipomuuliza kama babu alitapeliwa, alifikiri, akajibu kwamba aliyeiunganisha ganeti na kioo alikuwa fundi wa kweli, na kwamba utapeli, kama ulikuwepo, ulikuwa kwenye mdomo wa aliyeuza. "Jiwe halijawahi kusema kuwa ni yakuti," akasema. "Watu ndio walisema."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ya kumweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaipokea pete, akaniomba karatasi nyeupe. Akailaza kifudifudi, akawasha taa ya simu, akainama. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akawaita wajukuu wake mmoja mmoja waje waone. Sasa kila wanapokuja siku za Idi huomba karatasi, na mdogo wao ameshajua kwamba hatazami katikati, anatazama pembezoni.

Nchi zetu zimejaliwa mawe. Kuna almasi Mwadui, yakuti bonde la Umba, spineli Mahenge, ganeti ya kijani Taita Taveta. Arusha kuna kituo cha jemolojia kilicho chini ya Wizara ya Madini, na vijana wanafunzwa humo kukata na kutambua. Nawaomba wazazi wenye watoto wenye mikono mitulivu na macho yasiyo na pupa wawapeleke wakajifunze, maana anayechimba bila kujua anachochimba humchimbia mwingine. Nawaomba masonara wasitaje jina la jiwe ambalo hawajaligeuza. Na wewe uliyerithi pete, kidani au kipini chenye jiwe usilolijua, usikiuze kwa neno la dakika moja, wala usikubali tupa iguse uso wake. Mtafute mtu mwenye lenzi, taa na muda.

Pete ya bibi imekazwa ukucha wake, na iko kidoleni kwa mama. Ndani ya sanduku lake kuna karatasi yenye mwandiko wa mzee wa Arusha, mstari mmoja tu: Pete ya dhahabu, jiwe la kuunganishwa, juu ganeti, chini kioo cha samawati.